Sura ya Nne: Sanduku la Kifuniko Cheupe

Ukishuka botini Mokowe ukapanda boda mpaka Hindi, barabara ya bandari inakurudisha tena upande wa bahari, na mwisho wake ndiko Kililana. Zamani ukifika hapo ulipokewa na minazi, miembe na mikorosho, halafu mashamba ya simsim na mahindi, halafu mikoko, halafu maji ya mkono wa Manda. Leo unapokewa na geti, askari, na gati tatu za Bandari ya Lamu zilizomwagwa saruji pale palipokuwa na mikoko. Mashamba yaliyobaki yamejibanza pembeni.

Nimeanza na shamba makusudi. Sura hii inauliza kinachomfanya mtu alitie alama jina hili la mgombea urais aliache lile, na wengi wanaojibu swali hilo Kenya huanza na kabila, kisha pesa, kisha chama. Kililana ukianzia huko umepotea njia mapema. Anza na ardhi, hayo mengine yatakuja yenyewe yakiifuata nyuma.

Mtu atauliza: ardhi inaingiaje katika kura ya rais? Si kuna gavana, si kuna mwakilishi wadi? Jibu liko katika historia ya karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila mwenye ardhi alitakiwa alete dai lake alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake, ambaye mpaka wake ni mwembe upande huu na mnazi upande ule, ushahidi wake ulikuwa majirani, si karatasi. Uhuru ulipofika Desemba 1963, ardhi ya Taji iligeuka jina tu ikawa ardhi ya serikali, na sheria ikamwachia rais uwezo wa kumpa amtakaye. Uwezo huo ulidumu mpaka katiba ya 2010 ilipounda Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa miaka arubaini na saba, basi, swali la nani anakaa Ikulu Nairobi lilikuwa pia swali la nani atalala shambani kwake Kililana bila wasiwasi. Watu waliolelewa ndani ya swali hilo hawaliachi kwa sababu katiba imebadilika.

Kwenye bara ya Lamu wasiwasi huo una tarehe zake. Vita vya shifta, 1963 hadi 1967, viliwatoa Wabajuni kwa maelfu katika vijiji vyao vya mwambao upande wa Kiunga. Wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi, au waliporudi walikuta mwitu umelala juu ya mashamba na serikali ikisema ardhi haina mwenyewe. Miaka ya 1970, chini ya Jomo Kenyatta, serikali ikafungua makaazi ya Lake Kenyatta pale Mpeketoni, ikaleta familia zisizo na ardhi kutoka bara, nyingi zao Wakikuyu. Baadaye ikaja skimu ya Hindi-Magogoni, mlangoni kabisa pa Kililana.

Waliokuja Mpeketoni, niseme wazi, walikuja maskini. Walifyeka msitu wenye nyati na mbung'o, wakachimba visima, wakapanda pamba na mahindi, wakazika watoto wao hapo. Nusu karne imepita na wajukuu wao hawajui kwingine. Nao pia wanaikumbuka karatasi, ila wanaikumbuka kwa upande wa pili: wao ndio waliopewa, na aliyepewa na rais mmoja huogopa kunyang'anywa na rais mwingine. Kwa hiyo una majirani wawili, mmoja anaogopa kwamba hatapewa kamwe, mwingine anaogopa kwamba alichopewa kitachukuliwa. Wote wawili wanaingia katika chumba kimoja cha darasa kupiga kura, na wote wawili wanamtafuta mtu mmoja, yule atakayewalinda. Matokeo yakitangazwa yanaonekana kama makabila mawili yamehesabiwa. Mimi naona hofu mbili za ardhi.

Wataalamu wameligusa jambo hili kwa njia yao. Desemba 2007, wiki chache kabla ya uchaguzi ule uliokwisha kwa damu, Afrobarometer iliwahoji Wakenya nchi nzima, na Michael Bratton na Mwangi Kimenyi wakayachambua majibu. Wengi wa waliohojiwa walijitambulisha kwanza kwa mambo mengine, si kwa kabila, na walikuwa na maoni yao juu ya uchumi na ufisadi. Lakini wengi waliamini kwamba watu wa makabila mengine watapiga kura kwa kabila na wakishika madaraka watapendelea watu wao. Mtu akishaamini hivyo juu ya jirani, naye hujikinga. Waandishi wale waliiita kura ya kujihami. Nilipousoma uchambuzi wao nilifikiria Hindi na Kililana papo hapo, maana huko kujihami si nadharia. Kuna ua, kuna mpaka, na kuna jirani upande wa pili wa mpaka.

Sasa tuje kwenye bandari yenyewe. Tarehe 2 Machi 2012, Mwai Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mradi wa LAPSSET: bandari ya gati thelathini na mbili, reli, bomba la mafuta, barabara mpaka Juba na Addis Ababa. Serikali iliyozindua ilikuwa ya mseto, Kibaki rais na Raila Odinga waziri mkuu. Uchaguzi ulikuwa mwaka mmoja mbele, 4 Machi 2013. Wenye mashamba ya Kililana walikwenda kupiga kura wakijua kwamba ardhi yao imo ndani ya ramani ya bandari, na fidia bado haijashikwa mkononi. Wavuvi wa Lamu walikuwa wameshakwenda mahakamani.

Vitabu vya siasa husema mpiga kura huangalia nyuma: serikali ikimfaa huirudisha, ikimuumiza huitoa. Ni wazo zuri, na kwingine linafanya kazi. Lijaribu Kililana uone. Aliyeizindua bandari mwaka 2012 hakuwa anagombea 2013. Wagombea wawili wakuu wa mwaka ule, Uhuru Kenyatta na Raila, wote walikuwa ndani ya serikali ileile, Uhuru kama naibu waziri mkuu. Fidia ya mashamba, shilingi 1,500,000 kwa ekari, ilikuja chini ya Uhuru. Mahakama Kuu ikaamua 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa uvuvi wao. Gati ya kwanza aliifungua Uhuru 20 Mei 2021. Kisha 2022 Uhuru huyohuyo akasimama na Raila, aliyekuwa mpinzani wake 2013 na 2017, na naibu wake William Ruto akagombea kama mtu wa nje ya serikali aliyokuwa ndani yake. Mkulima aliyeridhika na fidia amshukuru nani hapo? Mvuvi ambaye mikoko yake na mazalio ya samaki vimefukiwa amwadhibu nani? Kila mgombea alikuwa na mkono katika jambo hilo, na kila mmoja aliweza kuuficha mkono wake. Ndiyo maana naamini kwamba mradi mkubwa wa serikali huamua kura za urais kidogo kuliko wanavyodhani walio Nairobi. Hujenga hasira na shukrani nyingi, ila hasira hiyo na shukrani hiyo hazipati mlango wa kutokea.

Jambo lililopata mlango ni damu. Usiku wa 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni wakaua, na usiku uliofuata wakaendelea vijiji vya jirani. Zaidi ya watu sitini walikufa. Julai 5 wakaja Hindi. Al-Shabaab walidai kwamba ni wao. Rais Uhuru Kenyatta alisema ni mtandao wa siasa za hapa nyumbani. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa akashtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Siku zile kafyu ilianguka juu ya Lamu yote, na wavuvi wakazuiwa bahari usiku, yaani wakati ambao wengi wao huvua. Mwisho wa Julai rais akafuta hati za ekari zipatazo 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni ishirini na mbili. Tazama mambo yalivyofuatana: mauaji kwanza, kisha lawama, kisha ardhi. Hata Ikulu ilijua swali la Lamu liko wapi.

Baada ya usiku kama ule, maneno ya kampeni hayasikiki kama yalivyosemwa. Mgombea akisema "usalama", mwenye duka Mpeketoni anasikia kwamba atalindwa, na kijana wa Kibajuni anasikia kizuizi cha askari na kuulizwa kitambulisho mara tatu kati ya Hindi na Mokowe. Neno ni moja na mkutano ni mmoja, lakini kila mmoja anaondoka na lake. Yeyote anayetaka kujua kwa nini ahadi zilezile huleta kura tofauti na asimame kwenye mkutano wa Hindi aangalie nani anapiga makofi wapi.

Jambo hili si la Lamu peke yake. Mwaka 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, waliwafuata wapiga kura wa Erie County huko Ohio kwa miezi kadhaa, wakiwauliza swali lilelile mara kwa mara. Walitarajia kuona redio na magazeti yakiwageuza watu. Waliowaona wakigeuka walikuwa wachache. Wengi walikuwa wameshaamua, kwa familia, kwa dini, kwa kazi, kwa watu wanaokaa nao. Waliochelewa kuamua ni wale waliovutwa huku na huku, dini ikisema hivi na kazi ikisema vile.

Kililana na Hindi kumejaa watu wa namna hiyo. Mchukue Mwislamu wa Hindi mwenye boda mwaka 2022: ukoo wake ulimvuta kwa Raila, aliyependwa Pwani tangu enzi za maneno ya majimbo mwaka 2007. Pikipiki yake ilimvuta kwa Ruto, aliyekuwa na wilibaro kama alama ya chama chake na akawataja watu wa boda na kina mama mboga kila jukwaa. Mkewe alikuwa amesikia ahadi ya Azimio, muungano wa Raila, ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini. Shemeji yake alikuwa amepata kibarua cha ulinzi bandarini na hakutaka mabadiliko. Mtu huyu haamui Machi wala Juni. Anaamua usiku wa kuamkia siku yenyewe, na huenda akaamua kwa jambo ambalo mtafiti hatalijua. Mimi siioni hali hii kuwa udhaifu. Anavutwa pande zote kwa sababu anazijua pande zote, na huyo ndiye ningependa mgombea azungumze naye, badala ya kuwahutubia waliokwisha kuamua.

Pesa nazo zipo, tusifanye kama hazipo. Msimu wa kampeni noti hutembea, na kanga, na fulana. Ila anayegawa huwa ni mtu wa hapa: anayetaka wadi, ubunge, ugavana. Mgombea urais huja kwa helikopta, husema, huondoka. Eric Kramon, aliyechunguza jambo hili Kenya, anaeleza kwamba noti ya kampeni hainunui kura moja kwa moja, kwa kuwa kura ni siri na mpokeaji aweza kula kwa wote. Noti hutoa habari: huyu ana uwezo, huyu hatatusahau sisi maskini. Kwa maelezo hayo unaelewa kwa nini mzee aliyepokea mia mbili kwa kila mgombea hajioni amefanya kosa, wala hajioni ana deni.

Na hapa tufike kwenye jambo linalonishughulisha kuliko yote. Tangu 2013 Mkenya anapewa karatasi sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wadi. Kila sanduku lina rangi ya kifuniko chake, na la rais ni jeupe. Tanzania bara, CCM waliwaomba wapiga kura mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja ili chungu kisianguke. Kenya vyama huomba vivyo hivyo kwa zote sita. Lamu haikubali kupikiwa. Mwaka 2022 Raila aliongoza kura za urais katika kaunti hii. Ugavana ulikwenda kwa Timamy wa ANC, chama kilichokuwa kambi ya Ruto. Useneta ulikwenda kwa Joseph Githuku wa Jubilee, chama cha kambi ya Raila. Lamu Mashariki ilimpa ubunge Ruweida Obo, naye wa Jubilee. Kiti cha mwakilishi wa wanawake kikaenda kwa Monica Marubu, mgombea huru asiye na chama.

Kama kabila peke yake lingekuwa linatia alama, karatasi hizo sita zingefanana. Hazifanani, kwa sababu mtu yuleyule anabadilisha kipimo akibadilisha karatasi. Mwakilishi wadi anapimwa kwa mazishi aliyohudhuria na bomba la maji aliloleta. Gavana anapimwa kwa nasaba, kwa hospitali, kwa nani alimsaidia mtoto wa nani karo. Hawa anawajua, amewaona kwenye baraza za Mkunguni mjini Lamu na kwenye maulidi. Rais hamjui. Kwa mtu usiyemjua kipimo kinachobaki ni kile cha zamani: akija kugawa, atagawa kwa nani? Ndiyo maana sanduku jeupe hubeba uzito ambao masanduku mengine matano hayaubebi.

Hebu uone kwa karibu jinsi linavyofanyika. Chumba ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, ubao bado una hesabu za Ijumaa. Karani anaweka kidole cha mama kwenye mashine, sura yake inatokea kwenye kioo, ya miaka mitano nyuma, na mawakala wa vyama wanaitazama kwa pamoja. Kidole cha mkulima mara nyingine kinakataa kusomeka, kimelainishwa na jembe na chumvi. Anaambiwa akifute, ajaribu kingine. Anapewa karatasi. Nyuma ya kile kibanda cha kadibodi yuko peke yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, bila mume, bila mwana, bila mwenye gari lililomleta. Ndani ya dakika hizo mbili, hata mtu aliyeshauriwa mwaka mzima anaweza kufanya la moyoni mwake. Kisha anakunja, anatoka, anatafuta rangi. Nyeupe kwanza. Wino wa kidole unachukua siku kadhaa kutoka.

Lakini kabla ya dakika hizo mbili lazima mtu afike, na kufika ni kitu ambacho vitabu vya nchi kavu hukisahau. Chaguzi za 1992, 1997, 2002 na 2007 zilifanyika Desemba, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa nzuri. Katiba ya 2010 imeweka Jumanne ya pili ya Agosti, katikati ya kusi. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa wa mpito. Ule wa 8 Agosti 2017 na wa 9 Agosti 2022 ulikuwa wa kusi. Mvuvi aliyeko dago, yaani kambi ya wavuvi, kaskazini ya Kiwayu, aliyejiandikisha Mokowe, anapima mawimbi na bei ya petroli ya mashine kabla hajampima mgombea. Nchi nzima waliojitokeza walishuka kutoka kiasi cha asilimia 86 mwaka 2013 hadi 65 hivi mwaka 2022, na Ruto akashinda kwa kura 233,211 tu kati ya milioni kumi na nne zilizopigwa. Kukaa nyumbani nako kunamchagua rais. Wapo waliokaa kwa sababu ya bahari, na wapo waliokaa kwa sababu waliona 2017 Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi wa rais, na bado mambo yakarudi palepale. Hao wa pili ndio wananisikitisha.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Sheria inamtaka mpiga kura apige pale alipoandikishwa, na akihama ni juu yake kwenda kuomba jina lake lihamishwe. Wengi hawaendi. Mkulima wa Kililana aliyelipwa kwa ekari zake akanunua kiwanja Hindi, au akafuata watoto Malindi, jina lake bado liko katika daftari la kituo chake cha zamani. Siku hiyo akitaka kupiga kura itabidi arudi, apite na boda yake kando ya geti la bandari, mahali ambapo kwa macho yake bado anaweza kuonyesha ulikuwa mwembe gani na mpaka ulipita wapi, kisha aendelee mbele mpaka shuleni, ashike foleni.